Breki za Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Agosti

Siku mbaya. Mke wangu ameingia kwenye banda la gari na futi yake ya kupimia nguo. Hakunisalimia. Alipima ukuta wa kushoto, akapima wa kulia, akapima mlango. Kisha akalipima gari langu, jinsi seremala anavyompima marehemu.

Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta mahali pa kuweka cherehani mbili, meza ya kukatia na yeye mwenyewe. Ana majoho kumi na sita ya kwaya, yanatakiwa asubuhi ya tarehe kumi na nane, na mpaka leo anakata vitambaa juu ya kitanda chetu. Ni kweli. Jana nililalia pini. Juzi pia. Anasema mgongo umekwisha kwa kuinama, na sehemu pekee yenye nafasi hapa nyumbani imekaliwa na mke mwenza mwenye milango miwili ambaye hajatoka nje miaka minne.

Mke mwenza! Gari la michezo hilo. Jekundu. Lina miaka thelathini na moja, na taa za mbele zinazolala zikizimwa na kuinuka zikiwashwa. Zilikuwa zinainuka.

Tumekubaliana mbele ya mama yake. (Mama Mkwe yuko kwetu tangu mwezi wa sita. Alikuja kutibiwa jino. Jino limepona, mwenyewe bado yupo.) Jumapili ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, gari litoke bandani kwa nguvu zake lenyewe, lizunguke mtaa, lirudi. Likishindwa, banda ni la cherehani, na gari litavutwa kwa kamba hadi gereji ya shemeji yangu likauzwe. Nimekubali papo hapo. Siku nane! Kwa siku nane mtu anaunda gari jipya.

Jumapili, 4 Agosti

Nimekaa na kalamu kuandika magonjwa. Betri imekufa. Taa ya kushoto haiinuki. Viti vimechanika, sponji iko nje. Breki, ukikanyaga, mguu unafika sakafuni bila kukutana na kitu. Injini sijui, sijaisikia tangu binti yetu aolewe. Nimesoma orodha mara mbili, nikachoka, nikalala kidogo.

Nimeamshwa na Shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu, fundi wa malori, na kwa sababu hiyo anadhani anajua magari. Alifungua boneti, akanusa, akafunga. Akasema nimpe tu, atalimaliza kwa siku moja na nusu, wala hataki chochote, sisi ni ndugu. Nikamshukuru. Nikamweleza kwamba hili si lori, linataka mikono laini. Akaiangalia mikono yangu. Mimi ni karani wa masjala mwaka wa ishirini na mbili huu, nashika mafaili. Mikono laini ninayo. Alicheka mpaka akaomba maji ya kunywa.

Simpi. Hata nikifia chini ya gari, simpi.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimempigia Mkuu wa ofisi kuomba ruhusa ya wiki moja. Nimemwambia mama mkwe wangu anaumwa, hali yake si ya kuridhisha. Nilipogeuka nikamkuta Mama Mkwe nyuma yangu na kikombe cha chai na kipande kikubwa cha mkate. Akaniuliza nani anaumwa. Nikasema mtu wa ofisini. Akasema maskini, akaenda kuongeza chai.

Leo nimetengeneza taa. Kuna nyaya mbili zinazofanana rangi, au zilifanana zamani. Nimeziunga. Taa ya kushoto sasa inainuka, lakini ukibonyeza honi tu. Honi yenyewe imenyamaza kabisa. Yaani ukitaka kumpigia mtu honi, gari linamkonyeza.

Nimegundua hilo mbele ya Mwalimu wa Kwaya, mama mmoja mwenye heshima zake, aliyekuja kupimwa. Nilitaka kumsalimia kwa honi. Gari likamkonyeza mara tatu. Ameingia ndani haraka. Mke wangu baadaye akasema yule mama ameomba siku nyingine apimiwe kwake.

Jumanne, 6 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa zamu ya viti. Mke wangu alikwenda kununua nyuzi. Nyuma ya kochi sebuleni nikaona kitambaa cha buluu iliyoiva, kizito, kizuri, kimeviringishwa. Kilikuwa kingi. Nikasema moyoni, kitambaa kingi namna hii ni masalio, kingekuwa na kazi kingekwisha kukatwa. Nikakikata mwenyewe. Nilitumia mkasi wake mkubwa, ule ule niliokatia waya jana. Nikakivisha viti vyote viwili, nikakibana kwa stepla ya ofisini. Mistari imenyooka! Nilirudi nyuma hatua tatu nikajipongeza kwa sauti.

Aliporudi nikamwambia nina zawadi yake. Nikamfumba macho kwa viganja, nikamwongoza hadi bandani. Nilisahau kwamba viganja vina grisi.

Aliangalia viti. Midomo yake ikawa inahesabu bila sauti. Sauti ya kwanza wawili na besi mmoja, ndivyo alivyomwambia mama yake baadaye. Majoho matatu yamekaa kwenye viti vya gari. Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Alileta kisu kidogo, akaanza kung'oa pini za stepla moja moja, ameinama, uso una alama nyeusi za vidole vyangu. Nikajitolea kusaidia. Akakivuta kisu kando.

Tangu saa tisa hajasema nami neno.

Jumatano, 7 Agosti

Kimya. Ujumbe unapitia kwa Mama Mkwe. Asubuhi alikuja kuniambia kuwa nimeambiwa chumvi imekwisha. Nikamwomba aseme kwamba nimesikia. Akaenda kusema nimesikia. Mke wangu alikuwa amekaa mita moja kutoka nilipokaa. Mama Mkwe ana umri wa miaka sabini na moja na magoti yanamsumbua, lakini hakulalamika. Nadhani anafurahia.

Shemeji amemtuma mtu na betri nzima, kisha akapiga simu kusema ni azima. Sikutaka kuipokea. Baadaye nikafikiri, ameileta kwa ajili ya dada yake, si kwa ajili yangu, nikaifunga. Nikafungua plagi za injini, nikazisugua kwa mswaki. Nilidhani ni mswaki wangu.

Saa kumi na robo, injini imewaka! Ilikohoa, ikatetemeka, ikatoa moshi wa rangi ambayo sijawahi kuiona, halafu ikatulia ikawa inanguruma. Nililia. Sioni haya kuandika. Mtu mmoja tu alipiga makofi, Mama Mkwe. Mke wangu alifunga dirisha ili moshi usishike kwenye majoho.

Bado breki.

Alhamisi, 8 Agosti

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili na maneno mawili. Mmoja anakaa kwenye usukani. Wa chini akisema kanyaga, wa juu anakanyaga na kubana. Wa chini anafungua skrubu ndogo kwenye gurudumu, hewa inatoka pamoja na mafuta, anafunga. Kisha anasema achia, na wa juu anaachia. Akiachia kabla skrubu haijafungwa, hewa yote inarudi ndani. Ndiyo elimu nzima.

Mke wangu hasemi nami. Shemeji sitaki. Nikabaki na Mama Mkwe, ambaye alikubali kwa furaha, akavua viatu, akakaa kwenye usukani na mkoba wake mapajani.

Nikalala chali chini ya gari, nikafungua mdomo, neno halikutoka. Kanyaga! Nimwambie nani kanyaga? Aliyemzaa mke wangu? Miaka ishirini na sita sijawahi kumwamrisha mama huyu jambo lolote. Akikalia rimoti ya televisheni naangalia alichokalia. Kwa hiyo nikasema, "Mama, samahani kwa usumbufu, nilikuwa naomba, kama hutajali, ukanyage kidogo." Akajibu, "Nimekanyaga, mwanangu. Pole sana na kazi." Nikafungua skrubu. Mafuta yakatoka. Nikasema, "Asante, mama."

Na yeye, kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, akisikia asante anajua kazi imekwisha. Anainua mguu. Skrubu iko wazi. Hewa inaingia kwa mluzi.

Nilikuja kuelewa tukiwa gurudumu la tatu. Sasa nitamwambiaje? Mama, usiachie nikikushukuru? Nikaamua kwamba gurudumu la nne nisiseme asante kabisa. Nikanyamaza. Baada ya muda mfupi sauti ya unyonge ikatoka juu ikiuliza kama amenikosea jambo. Nikaomba radhi. Nikasema asante, mama, asante sana, asante. Nilisikia mguu ukiinuka mara tatu.

Tukiwa katika hali hiyo wageni wakaingia getini. Mkuu wa ofisi na wenzangu wawili wa masjala, na kapu la matunda, wamekuja kumjulia hali mgonjwa. Mgonjwa yuko kwenye gari la michezo, hana viatu, anapiga pedali. Nilitoka chini na uso wa mafuta, nikasema daktari ameagiza mazoezi ya miguu. Mkuu akamgeukia Mama Mkwe. Nilijua leo nimekwisha. Mama Mkwe akanitazama kitambo, akaliangalia lile kapu, akashika kiuno, akatoa mguno ambao hata mimi nilimwonea huruma. Wamemwombea. Wameniongezea siku mbili za ruhusa.

Jioni amekula nanasi zima peke yake. Sikuthubutu kumwomba hata kipande.

Ijumaa, 9 Agosti

Shemeji amekuja kukagua, eti amepita tu. Aliketi, akakanyaga pedali mara moja. Akauliza nani alikuwa juu wakati wa kutoa hewa. Nikasema mama yako. Akauliza kama alikuwa anabana vizuri. Mama Mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na mikono kiunoni. Nikasema hajapata kutokea mbanaji kama yule.

Shemeji akasema kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi, kwamba humo ndani kuna hewa ya kujaza mpira. Atarudia yeye, dakika arobaini, tusije tukaua mtu. Nikakataa. Nilimwambia gari la michezo pedali yake ni laini kiasili. Nilijiambia nakataa ili nisimvunje moyo Mama Mkwe, maana ameshawasimulia majirani wote. Ukweli ni kwamba sikutaka mikono ya mtu yule kwenye breki zangu.

Breki ya mkono nayo nimeifungua leo. Ilikuwa na kutu. Nimeiloweka kwenye ndoo ya mafuta ya taa, itakuwa imelainika wiki ijayo.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimelipiga gari nta tangu asubuhi. Linang'aa. Mikono imechoka, siwezi kufunga vifungo vya shati.

Mchana niliingia ndani kutafuta kitambaa laini. Nilitafuta kwa adabu, sikugusa cha buluu. Mke wangu alikuwa amepiga magoti chumbani, anakata joho sakafuni, kwa kuwa kitandani alikuwa amelala mama yake. Alimaliza kukata, akataka kusimama, akashindwa. Alishika ukingo wa kitanda, akasubiri, akajaribu tena. Hakujua kama niko mlangoni. Nilitaka kwenda kumwinua. Nikawaza, hatusemi, nitamwinuaje bila kusema. Nikasimama pale kama mgeni mpaka akainuka mwenyewe.

Nimeona aibu. Nimeona aibu sana. Kisha nikarudi kupiga nta milango.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haujavunjika, umechoka tu.

Saa nne kamili walisimama wote getini. Mke wangu amekunja mikono. Shemeji amekuja na kamba ya kuvutia, tayari ameiviringisha begani. Mama Mkwe akatoka na kilemba kipya na mkoba, akasema shahidi hawezi kushuhudia akiwa nje, akafungua mlango akakaa kando yangu. Injini ikawaka mara ya kwanza. Nikatoka bandani. Nikatoka getini! Nilimtazama Shemeji kwenye kioo cha pembeni mpaka akawa mdogo.

Mtaa wetu una tambarare upande mmoja, hata breki hazihitajiki. Tukawapungia watu. Tulipompita Mwalimu wa Kwaya nilijisahau nikabonyeza honi. Gari likamkonyeza.

Kurudi ndiko kuna mteremko. Mdogo tu, mtoto akiwa na baiskeli hata hauoni. Nikakanyaga. Mguu ukafika sakafuni. Nikapiga pedali mara tatu, nne, hakuna kitu. Nikatafuta breki ya mkono. Iko kwenye ndoo. Kwa kuhangaika nikakanyaga klachi, injini ikaachia, tukaanza kuteleza kwa uhuru kabisa. Nikamtazama Mama Mkwe. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, na mguu wake wa kulia unasukuma sakafu upande wake, ambako hakuna pedali yoyote.

"Mwanangu," akasema, "mimi nakanyaga."

Niliona geti letu likija. Niliona Shemeji akiruka na kamba yake. Tukaingia getini, tukaingia bandani katikati kabisa, sikugusa hata mwimo wa mlango, tukatokea upande wa pili. Ukuta wa nyuma ni mbao tupu, nashukuru. Tulisimama kwenye bustani ya mboga, matairi yamezama, mbao mbili juu ya boneti.

Mama Mkwe akaweka kilemba sawa. Akaniuliza kama tumefika.

Mke wangu alikuja mbio miguu mitupu, akipitia lile tundu tulilolifungua. Alisema, "Mama!" Mama akasema hajambo. Mke wangu akazunguka upande wangu, akafungua mlango, akanishika kichwa, akakigeuza huku na huku akitafuta damu. "Umeumia?" Siku tano, na hilo ndilo neno la kwanza. Nilisema sijaumia.

Shemeji akataka kujua nani ameshinda. Mama Mkwe, kama shahidi, akatoa hukumu akiwa bado amekaa ndani. Gari limetoka kwa nguvu zake, limezunguka, limerudi bandani. Limepitiliza tu. Kupitiliza hakukutajwa kwenye makubaliano.

Nimeshinda! Nilimgeukia mke wangu nimwone atafanya nini. Hakubisha. Alikuwa ameinama anaokota mboga zilizong'oka, mkono mmoja uko mgongoni. Nikasikia mtu anasema, chukua banda. Kumbe ni mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Ameniambia nikaoge.

Jumatano, 14 Agosti

Shemeji alitoa hewa kwenye breki Jumatatu, peke yake na kijana wake wa kazi, wakapiga kelele kanyaga, achia, kanyaga, achia. Dakika thelathini na tano. Bahati. Gari liko kwake chini ya turubai. Amesema haliuzi mpaka niseme.

Lile tundu amelikata likawa mraba, akatia fremu na vioo. Mwanga wa asubuhi unaangukia juu ya meza ya kukatia. Cherehani zimepangwa, nyuzi zimetundikwa kwa rangi. Nilipita mara tatu leo nikijifanya natafuta nyundo. Mke wangu ameketi, mgongo umenyooka, anashona na kuimba wimbo wa kwaya, sauti ya kwanza. Sikumbuki lini nilimsikia akiimba. Ameniambia asante kwa dirisha, akacheka mpaka akasimamisha cherehani. Nami nikacheka. Nilikuwa na furaha ambayo gari halijawahi kunipa, na naiandika hapa nisije nikaikana.

Jirani aliuliza nani aliyefikiria kuweka dirisha upande ule. Nikamwambia nilichora mimi.

Jumapili, 18 Agosti

Majoho kumi na sita yamekwenda. La besi lina harufu ya grisi kidogo kwenye kwapa, lakini besi anasimama nyuma. Mke wangu na Mama Mkwe wametoka wamependeza, wamekwenda kuisikiliza kwaya. Watarudi saa saba. Kesho mke wangu anaanza kazi kubwa zaidi, sare za wauguzi, amepata kwa sababu sasa ana mahali pa kufanyia kazi. Aliniambia jambo moja tu akiwa mlangoni. Nisiguse kitu chochote bandani. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nimechoka, nitalala.

Nililala kweli. Dakika kumi. Kisha nikawaza jinsi nilivyomtesa mwanamke huyu, na jinsi cherehani yake ile kubwa inavyotoa mlio, tik, tik, kila anapokata kona. Yeye ameshauzoea, hausikii. Mimi nausikia. Mtu aliyeishi na injini hawezi kupitwa na mlio kama ule. Nimeona nimfanyie jema moja, kimya kimya, bila kumwomba Shemeji.

Nimeifungua. Si kazi ngumu, mtu akiwa mtulivu. Nimepanga sehemu zote juu ya gazeti, mstari kwa mstari. Sasa ni saa sita na nusu. Nimehesabu, ziko ishirini na tatu. Nimetafuta kitabu chake cha maelekezo, na kwenye picha nimeona kumi na tisa tu.

Kwa hiyo nne hazikuwa na kazi. Ndizo zilizokuwa zinapiga kelele.